Lori Ndani ya Korongo

Mafuriko ya Januari yalikuwa yamekauka kitambo, lakini yaliacha kitu. Ragia alikiona akiwa ukingoni mwa korongo: nguzo ya chuma iliyoliwa na kutu, imezongwa na waya wa miba, imelala mchangani. Nguzo kama hizo ziliuzunguka uwanja wa mabomu ya ardhini ya vita vya zamani, na uwanja wenyewe ulikuwa kilomita nzima huko juu.

Maji yaliyobeba nguzo yangeshindwaje kubeba mabomu? Na ni yeye aliyechora mistari ya upimaji wa mafuta ipite humo korongoni, kwa sababu ramani ilisema ni salama na mchanga ulikuwa tambarare.

Mita arobaini ndani, lori la dereva Lamlum lilikuwa limeshafika kituo cha kwanza. Kazi ya lori hilo ni kushusha sahani ya chuma iliyo tumboni mwake na kuitikisa ardhi, ili vinasa vilivyotandazwa jangwani vipokee mwangwi wa miamba ya chini.

Alinyakua redio. "Fundi Lamlum, usishushe sahani."

"Na wewe umeamkaje, injinia. Nyumbani nina wake wawili wa kuniamrisha, umekuja kuwa wa tatu?"

"Sitanii. Usishushe. Wala usifungue mlango."

Kisha, kwa sauti ndogo: "Mabomu?"

"Huenda."

Fikri, mkuu wa kambi, aliingilia redioni. "Ragia, ramani ina muhuri. Hapo ndipo katikati ya tunachokitafuta. Tukiruka korongo, picha ya miamba itakuwa na shimo. Lamlum, endelea na kazi."

"Ramani ni ya kabla ya mafuriko, bosi. Na mwangwi hautoki chini ya lori. Unatoka katikati, baina ya lori na kinasa. Lori likae ukingo wa mashariki, vinasa magharibi. Katikati yake ni korongo, na hakuna atakayelikanyaga."

"Tabaka za juu zitapotea."

"Sisi tunatafuta kilomita tatu chini."

"Kupanga upya ni siku mbili."

"Nitamaliza leo."

"Na kama umekosea?"

"Nimeshakosea. Mimi ndiye niliyemweka pale."

"Mtoe," Fikri akasema.

Lamlum alianza kurudi kinyumenyume, akifuata alama za magurudumu yake mwenyewe. Ragia alimwongoza kutoka ukingoni. Kulia. Kidogo tu. Simama. Gurudumu moja la nyuma lilitoka nje ya alama kwa upana wa kiganja, na maneno yakamkauka.

"Injinia, ukinyamaza naanza kuwaza. Sema chochote."

"Wake zako wanaitwa nani?"

"Zahwa na Mabruka."

"Nani anapika vizuri?"

"Unanitoa kwenye bomu moja unanitia kwenye lingine."

"Kushoto. Hivyohivyo. Njoo."

Magurudumu yalipogusa mawe ya ukingo, Lamlum alizima injini, akateremka, akakaa chini. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Haya," alisema, "nisimame wapi sasa?"

Ragia alitandaza karatasi juu ya jiwe na kuchora kituo kipya ukingoni mwa korongo. Kisha akaikunja karatasi, akatangulia mbele ya lori kwa miguu, akipima kila hatua kwa macho, mpaka alipofika mahali alipopachora.