Karanga Mdomoni mwa Madame Marlène

Katika darasa la tano la Madame Marlène, hata nzi aliomba ruhusa kabla ya kuruka. Ndivyo walivyosema walimu wenzake, naye hakukanusha. Akiuliza swali, jibu lilikuwa moja, na lilitolewa kwa sauti moja.

Mafunzo yalipofika Kolwezi, mji wa machimbo kusini mwa Kongo, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Walimu walifundishwa kuongoza mazungumzo darasani kuhusu asili ya mtu, kabila, dini na rangi, mambo ambayo kila mtoto aliyasikia nyumbani na hakuna aliyeyagusa shuleni. Marlène hakwenda kutafuta cheti. Alikwenda kwa ajili ya Bilkisi.

Bilkisi alikuwa mtoto wa maneno mengi, lakini tangu Pasaka hakuwa ameinua mkono. Wenzake walimpachika jina la mukuyakuya, mtu wa kuja, kwa sababu babu yake alitoka mkoa wa mbali wa Maniema. Marlène aliwaadhibu. Jina likahamia uwanjani, likawa kali zaidi. Mwishowe baba wa Bilkisi, Tata Alfani, mwenye lori la kupeleka bidhaa Dilolo, akaja shuleni.

"Madame, mi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini Ijumaa, saa ya mapumziko, ninakuja kumutoa. Shule iko mingi Kolwezi."

Na Ijumaa hiyo hiyo Marlène alitakiwa kufundisha somo lake la majaribio mbele ya mkufunzi, Mama Fidélie.

Jumatano alijaribu kwanza, Fidélie akiwa amekaa nyuma.

"Sisi ni nani?" Marlène aliuliza.

"Siye bote ni Bakongomani!" darasa likanguruma.

"Kuko tofauti kati yetu?"

"Hapaaana, Madame!"

Bilkisi naye alifungua kinywa akasema hapana pamoja na wengine. Marlène aligeuka kwa furaha. Fidélie hakuwa na furaha.

"Umepata wimbo muzuri," alisema watoto walipotoka. "Mazungumzo iko wapi?"

"Si bamejibu?"

"Bamekujibu wewe. Hakuna mutoto aliyemujibu mwenzake. Uliza, halafu unyamaze."

"Ninyamaze? Mama Fidélie, mi nimelea batoto bane kwa hii kelele!"

"Basi Ijumaa utatafuta pa kuiweka."

Alhamisi jioni Marlène alirudi nyumbani amenuna. Wanawe wawili wakubwa, waliokuwa hawasemeshani tangu wagombanie viatu vya mpira, walikuwa wameketi barazani wakimenya karanga za kutia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Macho yao yalikuwa kwenye maganda. Mikono ilikwenda, na maneno yalikuwa yakitoka yenyewe: viatu, nani alianza, nani alisema uongo. Hakuna aliyewauliza kitu.

Marlène alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akapiga makofi.

"Njo hii! Ndiyo yenyewe!" Akanyakua gunia zima la karanga.

"Mama! Na sombe ya kesho?"

"Mutakula bila karanga. Hamutakufa!"

Ijumaa madawati yalisukumwa ukutani. Katikati ya sakafu alitandaza kitenge, akamwaga karanga, akawaketisha watoto kuzunguka lundo. Walisukumana, wakacheka, wakaanza kumenya. Fidélie alikaa pembeni na kalamu yake.

"Mutu akikuuliza kwenu ni wapi," alisema, "unamujibu nini? Usiniambie mi. Ambia mwenye kukaa mbele yako."

Maganda yakavunjika. Marlène alihisi jibu likimpanda kooni, jibu zuri, lenye taifa na upendo ndani yake. Akachota karanga kiganja kizima, mbichi, akazijaza mdomoni.

"Kwetu ni Sandoa," alisema Dimitri, ambaye ndiye aliyelianzisha lile jina. Alisema akitazama karanga zake.

"Umefika Sandoa?"

Watoto wote waliinua vichwa. Ilikuwa sauti ya Bilkisi.

"Hapana. Lakini kwetu ni kule."

"Na ulizaliwa wapi?"

"Fungurume."

"Mi nilizaliwa hapa Kolwezi. Nyuma ya soko, hata mama yako anajua ile nyumba. Sasa kati ya mi na wewe, nani alikuja?"

Darasa lililipuka. "Yoooo! Kumbe Dimitri njo mukuyakuya!" Mmoja alirusha maganda juu. Marlène alitaka kupiga kelele ya "Kimya!", lakini kilichotoka ni "Mmmf!" na kipande cha karanga. Watoto wakaangua kicheko, na hakuna aliyenyamaza.

Dimitri alikuwa mwekundu wa macho. "Baba anasema batu ba kuja banajaza machimbo. Kaka yangu anaenda kila siku, anarudia bila kitu."

"Kaka yangu mi alitoka Kasai kuchimba," alisema Gloire, msichana aliyekaa karibu naye. "Naye anarudia bila kitu. Sasa nani amejaza?"

"Sijue!" Dimitri alisema. "Mi sijue! Nasema tu kile ninasikia."

Marlène alitafuna. Taya zilimuuma, machozi yalimtoka, akaongeza kiganja kingine. Fidélie alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameinama mbele, kalamu hewani, kama mtu anayetazama mpira wa penalti.

"Basi mi nikuulize," alisema Bilkisi. Aliweka karanga chini. "Mu nyumba yetu hakuna mwenye kuchimba. Papa anaendesha lori. Ukiniita lile jina, unataka niende wapi?"

Dimitri alifungua mdomo. Kengele ikalia.

Kengele ya mapumziko katika shule ile ilikuwa kama maji ya bomba lililopasuka: watoto walizoea kumwagika nje kabla haijamaliza. Siku hiyo hakuinuka hata mmoja. Wa madarasa mengine walipita mbio dirishani, wakarudi kuchungulia.

Tata Alfani alisimama mlangoni na ufunguo wa lori mkononi. Alitazama kitenge, maganda, na mwalimu mwenye mashavu yaliyofura.

"Bilkisi," aliita, "kamata mufuko wako, twende."

"Papa, ngoja kwanza," alisema bila kugeuka. "Dimitri hajanijibu."

Alfani alimwangalia Marlène. Marlène bado alikuwa akitafuna. Alimwonyesha kwa kidole dawati la kukalia, akamsogezea karanga.