Bakuli la Fahad

Mastura alisimama mwisho wa mikorosho na bakuli la uji mkononi. Mbele yake njia ilielekea kumbini, kambi ya porini alikowekwa jandoni mwanawe Fahad na wenzake. Mwanamke hapiti pale, hata awe mama mzazi.

Fahad alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari Doris wa mjini alimweleza Mastura taratibu: protini inayobeba hewa kwenye damu ina vipande vinne vilivyoshikana maisha, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini protini za Fahad zikishaachia hewa hukamatana na za jirani, chembe ya damu ikapinda. Zikipata hewa tena, huachana.

"Ila akipigwa na baridi damu husuasua, mama. Zinakamatana mpaka mishipa inaziba. Asioge maji ya baridi."

Kaka yake Mastura, Muhidini, aliambiwa yote hayo, maana mjomba ndiye mwenye kauli kwenye jando. Alicheka.

"Mwaka jana si zilikamatana, dada? Zikaachana, mtoto akacheza mpira. Zitaachana tu."

Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyembeba Fahad mgongoni mpaka hospitali mwaka huo. Ila alikuwa na kichwa kigumu, na kumchemshia maji mpwa wake peke yake aliona ni aibu kwa ukoo mzima. Jana yake alfajiri, kwenye kipupwe cha Juni, wavulana wote walipelekwa kuoga mtoni.

Sasa Muhidini alikuja anatokea kumbini, ameshika bakuli la jana. Ugali ulikuwa haujaguswa.

"Kifua kinambana," alisema bila kumtazama. "Tumemfunika, tumemwotesha moto. Hazitaki kuachana, dada."

"Mtoe! Mpelekeni hospitali!"

"Gari limeitwa."

Kutoka kumbini ilisikika sauti ya Fahad ikimwita mama. Mastura akatupa bakuli, akakimbia. Hakufika mbali. Wanawake waliokuja na vyakula vya watoto wao walimdaka, huyu mkono, yule kiuno, wakilia naye. Walimpenda, na walimwogopea mwiko.

"Niachieni! Jamani, niachieni!"

Kule ndani wanaume wakapandisha ngoma, kama wafanyavyo mtoto anapolia, ili mama yake asisikie. Mastura akatega sikio kwa nguvu zake zote, akasikia ngoma tu. Hata iliponyamaza, na sauti ya Fahad isisikike tena, wale wanawake hawakumwachia.