Harufu ya Bajia Mchana wa Ramadhani

Adhuhuri ya Ramadhani, mwaka ule mfereji wa Suezi ulipozibwa na dizeli ikaadimika, harufu ya bajia ilitanda mtaani Ngamiani kama ukungu. Ilitoka uani kwa Mwatumu.

"Mwatumu, zigeuze, zinaungua," Mwanamkasi, jirani yake, alimwambia akiwa upande wa pili wa ua wa makuti. Wanawake waliokuwa naye wakacheka.

Jioni, kabla ya magharibi, ndipo Mwatumu alipokuwa akikaanga bajia za kuuza. Harufu hii ya mchana ilikuwa kazi ya kaka yake Idarusi, mwenye mashine ya kusaga unga. Alikuwa amekusanya mafuta machafu ya wakaangaji wote wa mtaa, akayachuja kwa kaniki na kuyachemsha. Kisha aliyachanganya na magadi makali ya kutengenezea sabuni na spiriti aliyoikamua kwa moto kutoka kwenye machungwa yaliyooza ya Muheza. Uchafu mweusi ulizama chini kama asali, juu yakabaki mafuta mepesi, na mashine ikayanywa badala ya dizeli. Tatizo lilikuwa moshi wake. Ulinukia kilekile kilichokaangwa humo.

Mwatumu alijua habari zitafika kwa Bi Mboni, mama wa Sadalla mchumba wake. Harusi ilikuwa baada ya Idi. Na Sadalla, kwa kufunga, alikuwa mfano wa mtaa mzima: mchana kutwa alitema mate asije akayameza, na watoto waliotafuna muwa aliwafukuza kwa bakora.

Bi Mboni alifika kabla ya alasiri, buibui limemkaa upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuvunja posa, Mwatumu. Mwanangu haoi mla mchana."

Idarusi akatoka kwenye mashine, akasema, "Mama, kabla hujaondoka, njoo unuse mwenyewe." Akamwongoza hadi nyuma ya kibanda cha mashine iliyokuwa ikinguruma, kwenye bomba la moshi.

Hapo mlango wa uchochoroni ukagongwa, taratibu. Mwatumu alipoufungua, Sadalla akajipenyeza ndani na kuurudisha.

"Usiogope, sitasema," akanong'ona. "Nipe mbili tatu, nizile hapo chooni."

"Nikupe nini?"

"Bajia. Tangu mwezi uandame sijafunga hata siku moja, ila wewe nilikuwa nikikuogopa. Kumbe tu wamoja."

Mwatumu alimtazama yule mtu kama anayemwona mara ya kwanza. Wakati huohuo Idarusi, aliyetaka kumwonyesha Bi Mboni mafuta yenyewe, akaizima mashine. Ua ukawa kimya.

"Zikiwa na pilipili ni bora zaidi," alikuwa akisema Sadalla.

Bi Mboni akajitokeza kutoka nyuma ya kibanda. Walitazamana, mama na mwana, na rangi ya Sadalla ikageuka majivu.

"Mama, huyu ndiye aliyeniita," akasema upesi. "Amenipikia, nami nimekuja kumkanya."

Bi Mboni aligeukia jikoni. Katikati ya mafiga, juu ya majivu, paka alikuwa amelala amejikunja.

"Amekupikia kwa moto gani?"

Sadalla akamtazama yule paka.

"Nenda nyumbani, Sadalla."

Akaenda. Alipofika mlangoni akatema mate, kwa mazoea tu.

Bi Mboni akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Neno nililokuja nalo nalirudisha, mwanangu. Naona haya hata kukutazama. Lakini nakuomba umsitiri. Mume hufundishika."

"Nitamsitiri, mama. Kufunga ni baina yake na Mola wake, jambo hilo halinihusu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini kumwita, sikumwita. Alijua sikumwita."

Mwatumu akaingia chumbani, akarudi na doti ya kanga za posa, bado zimekunjwa na zinanukia udi. Akapiga magoti na kuziweka juu ya mapaja ya yule mama. Bi Mboni alizishika, akazipapasa pindo, machozi yakamtoka. Hakuzirudisha.

Idarusi hakujua ayaelekeze wapi macho. Akaushika mpini wa mashine, akauzungusha. Ikakohoa, ikashika, na harufu ya bajia ikapanda tena juu ya mapaa.

"Mwatumu," Mwanamkasi akaita toka upande wa pili, "umeongeza nyingine?"

Mwatumu akafuta macho kwa ncha ya kanga yake. "Mlango uko wazi, shoga," akasema. "Njoo utazame."