Uso wa Mbeba Taa

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mchoraji mkuu alikuwa amesimama juu ya kiti katika chumba cha mikutano, akibandika karatasi tatu ukutani kwa selotepu. Kila karatasi ilikuwa na mtu yuleyule aliyeshika taa. Wa kwanza alikuwa wa miraba midogo ya kompyuta za zamani, wa pili wa rangi za maji, na wa tatu wa umbo la pande tatu, mwenye vinyweleo na kivuli chini ya kidevu. Kampuni ilikuwa inalifufua gemu lake la kwanza, lile la Mbeba Taa, ambalo miaka thelathini iliyopita liliwafelisha mitihani wanafunzi wa nchi nzima. Kikao kilikuwa na kazi moja tu: kuamua sura mpya.

Alipogeuka kushuka, Mbeba Taa mwenyewe alikuwa mlangoni.

Alikuwa wa miraba, kama siku zote: rangi kumi na sita, kimo cha mtoto wa darasa la tano, macho mawili meusi, mdomo hana. Kwa kuwa aliumbwa kwenda pande nne tu, alikwenda mbele hatua sita, akageuka kulia, akagonga mashine ya fotokopi, akarudi nyuma, akaanza upya. Hatimaye alikipata kiti. Dada wa mapokezi alikuwa ameshamwandika kwenye kitabu cha wageni, na pale penye "anakotoka" alijaza "humuhumu".

Maneno yake yalitokea juu ya kichwa, ndani ya kisanduku cha buluu, herufi moja moja, na kisanduku hakikuondoka mpaka mtu agonge meza. Cha kwanza kilisema: "Nimesikia mnanibadilisha sura. Nitakaa hapa nione." Fundi wa programu akagonga meza, kikao kikaanza.

Bosi alikaa mwisho wa meza. Ndiye aliyeanzisha kampuni, na kila mtu alijua kwamba gemu lile alilichora peke yake ujanani, katika chumba kimoja, kwa kompyuta ya kuazima. Alikuwa amelisimulia hilo redioni mara nyingi hata yule aliyemwazima kompyuta akaanza kuliamini. Mwishoni mwa gemu la zamani palikuwa na mstari mmoja wa kumtaja mchoraji, na mstari huo ulikuwa na jina lake.

Mchoraji mkuu alijua vingine. Michoro yote ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba yake, aliyeichora kwa miezi kumi na minne, kwanza kwenye madaftari ya hesabu, kijumba kwa kijumba, ndipo akaihamishia kwenye kompyuta. Gemu lilipoanza kununuliwa, Bosi alimwambia kwamba majina mawili yangewachanganya wateja. Shangazi alikwenda kufundisha uchoraji shuleni mpaka akastaafu. Mpwa wake alipoomba kazi hapa hakutaja undugu huo. Hakuna aliyemuuliza.

Walianza na rangi za maji. Siku ya tatu Mbeba Taa aliingia kazini amelowana pembeni, wa kijani hafifu kuelekea zambarau, akaacha alama ya makalio kwenye viti vitatu. Mama wa usafi alilalamika kwa maandishi. Mvua iliponyesha walimfunika kwa nailoni asichuruzike. Alikuwa mzuri, wote walikubali, ila meneja wa masoko alisema anafanana na kalenda ya duka la dawa.

Wakati huo vitu vilikuwa vinapotea. Mbeba Taa alikuwa msafiri wa gemu la hatari, na msafiri wa gemu huokota kila anachokipita, maana huwezi kujua. Stepla ilikwenda, zikafuata funguo za gari la mhasibu na nusu ya mkate. Hakuwa mchoyo. Ukimwomba kwa sentensi fupi yenye kitenzi na jina la kitu, alikurudishia palepale. Mhasibu, ambaye alipenda kueleza, alirudi nyumbani kwa miguu siku mbili.

Halafu wakajaribu pande tatu, na hapo ndipo palipohitajika uso. Kwenye miraba uso wa Mbeba Taa ulikuwa vijumba sita. Ukitaka kukigawa kijumba kimoja mara elfu, lazima ujue ndani yake mna nini. Mchoraji mkuu alivitazama vile sita kwa siku tisa, akichora anachokiona. Polepole ukatokea mwanya kwenye meno ya mbele, kisha kovu dogo juu ya nyusi, kisha mashavu ya mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyekosa usingizi kwa ajili ya kazi.

Kwa hiyo Mbeba Taa alikuwa mwanamke. Miaka yote hiyo lugha haikuwa imeuliza. Watu walisema "amekufa tena," "mrudishe mwanzo," "huyo usimguse, ni zamu yangu," na kila mmoja akajijazia mwenyewe. Fundi wa programu, ambaye utotoni alidhani ni kaka yake mkubwa, aliomba nusu siku ya mapumziko, akapewa.

Siku ya kumi aliingia akiwa na mdomo. Alikuwa na sauti nzito kidogo, na goti la kushoto lilimsumbua. Aliomba kiyoyozi kipunguzwe. Bosi alipofungua mlango, alisimama pale akiutazama ule uso kwa muda mrefu.

"Hujambo," alisema Bosi.

"Sijambo. Umenenepa."

Bosi akamwita mchoraji mkuu ofisini kwake, akafunga mlango.

"Uso huu umeutoa wapi?"

"Kwenye miraba yake, bosi. Ulikuwemo."

"Na huyo mama ni nani kwako?"

"Ni shangazi yangu. Naomba jina lake liingie kwenye orodha. Liwe juu ya langu."

Alikuwa amelifanyia mazoezi ombi hilo kwa miaka minne, bafuni na barabarani, na mazoezini lilikuwa refu zaidi. Bosi aligeuzageuza kalamu, kisha akasema jambo lenyewe ni zito, linataka kikao. Kikao kilikaa kesho yake kwa dakika nane. Hakikuzungumzia majina. Kiliamua kurudi kwenye miraba, kwa heshima ya gemu la asili.

Jumatano Mbeba Taa alikuja bila mdomo. Mchoraji mkuu alimtazama, akaenda msalani, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi mezani. Kisanduku kilikuwa kinamngoja: "Goti limepona."

Akaichora miraba. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa mkono mtulivu. Aliifanya taa imwage mwanga juu ya kila kijumba, mapangoni na kwenye madaraja, hata fundi wa programu akawa anachelewa kuizima kompyuta yake.

Uzinduzi ulifanyika saa kumi jioni katika ukumbi uliojaa. Bosi alisimama jukwaani akasimulia chumba kimoja na kompyuta ya kuazima. Mbeba Taa alisimama kulia kwake. Bosi aliposema, "Nilimchora kwa mkono huu," kisanduku cha buluu kilitokea juu ya kichwa cha Mbeba Taa, na herufi moja moja zikaandika majina matatu ya shangazi kwa ukamilifu, na chini yake: "ndiye aliyenichora." Ukumbi mzima ulisoma. Walio mbele walipiga picha. Jukwaani hapakuwa na meza ya kugonga, kwa hiyo maneno yale yalikaa hapo dakika arobaini, hotuba yote iliyosalia, na Bosi akishukuru chini yake.

Magazeti ya kesho yake yalisifu ubora wa skrini. Moja liliuliza mtindo wa herufi zile unaitwaje. Mhakiki mmoja anayeogopwa aliandika kwamba kubaki na miraba ni unyenyekevu wa nadra kwa mtu wa cheo cha Bosi.

Kazi ya kumchora ilipokwisha, Mbeba Taa hakuwa na pa kukaa, hivyo mchoraji mkuu alimpeleka kwa shangazi. Shangazi alimzungusha pande zote nne, akasema mabega bado hayajakaa sawa, na akamwonyesha chumba.

Gemu jipya alilimaliza kwa siku tatu, miguu juu ya kigoda, mchoraji mkuu, binti wa kaka yake, ameketi pembeni. Orodha ya majina ilianza kupanda kwenye skrini. Yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Alikuwemo mhasibu, alikuwemo mama wa usafi, alikuwemo paka wa mapokezi. La Bosi lilijitokeza mara tatu. Mwisho kabisa ukaja mstari wa maandishi madogo: "Na shukrani kwa wote waliosaidia."

Mchoraji mkuu alisema kwamba Jumatatu ataandika barua ya kuacha kazi. Shangazi alimwambia asithubutu, maana sehemu ya pili wangempa mtu asiyejua mwanga. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena na kuutazama ule mstari.

"Wote waliosaidia," alisema. "Basi nimo."

Akaanza gemu upya. Mle pangoni, karibu na mto, kivuli kimoja kilikuwa kimelala upande usio wake, na alitaka kumwonyesha mtoto ni kipi.