Simu ya Marehemu Mbwana

Mtandao wa mgahawa wa Zubeda ulikuwa mzito tangu Jumatatu, na wateja wa Kunduchi Mtongani hawana subira; mtu akila wali samaki bila kuperuzi huona kama hajala. Alhamisi mchana akamwita Anwar, fundi aliyekuwa akifanya kazi na Mbwana, kaka yake Zubeda, Mungu amrehemu.

Anwar aliketi nyuma ya kaunta, akafungua laptop, akaingia kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao. Hazikupita dakika kumi.

"Dada Zubeda, njoo mara moja."

Kwenye kioo palikuwa na orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa saa ile. Vingi havikuwa na jina, ni namba tupu. Cha tisa kiliandikwa: SIMU YA MBWANA.

Zubeda alisoma mara mbili. Upawa ulibaki mkononi, mchuzi ukimdondokea kwenye kanga.

Miezi saba nyuma Mbwana aligongwa na gari Mbagala, akitoka kazini. Kabla hajafika wa kumsaidia, alifika mwingine, akachukua simu na pochi yenye kitambulisho. Mbwana akalala siku nane chumba cha maiti, kikaratasi kimeandikwa "hajulikani", huku dada yake akizunguka vituo vya polisi na picha aliyopigwa Mbwana kwenye harusi ya binamu yao.

"Labda ni jina tu limebaki humo," alisema.

"Hapana, dada. Ruta inampa kila anayeingia namba ya muda, kama wewe unavyompa mteja kiti. Akiondoka, anakalia mwingine. Ila kuna hii nyingine, simu inatoka nayo kiwandani. Mbwana alipokufungia mtandao huu, aliiandikia jina namba hii. Hata wakiifuta simu kila kitu, yenyewe haifutiki. Simu za siku hizi zinajibadilisha namba zikifika ugenini. Ile yake ya zamani, haijui kujificha."

"Kwa hiyo imo humu."

"Humu, au hapo barazani. Mawimbi hayafiki mbali."

Zubeda aliinua macho. Wateja walikuwa kumi na wanne, karibu wote wameinamia simu. Neno la siri alilibandika mwenyewe ukutani, kila mtu alisome.

"Anayo nani?"

"Hiyo haisemi. Inasema simu, haisemi nani kaishika."

Akachukua jagi la maji, akaanza kupita meza moja moja. Simu ya Mbwana ilikuwa nyeusi, na ufa pembeni. Lakini nyeusi zilikuwa saba, na kila moja imevishwa kava. Alimwamkia mzee Kornelio, mchonga vinyago, akachungulia mkono wake, akaona aibu.

"Marahaba. Una nini leo, mwanangu?"

"Sina kitu, mzee. Nakuongezea maji."

Angewaambia nini? Toeni simu zenu nizikague? Na huyo mwenye nayo huenda kaipata kibandani kwa fundi, kalipa pesa yake halali, hajui lolote. Zubeda wala hakuitaka simu. Alitaka kuuliza neno moja tu: ulipomkuta, alikuwa anapumua?

Aliporudi kaunta Anwar alikuwa amejishika kichwa. "Imetoka."

Zubeda alikimbilia mlangoni na jagi lake. Walioondoka walikuwa wanne: vijana watatu na mama muuza samaki. Bodaboda mbili zilizowabeba vijana zilikuwa zimeshakata kona, na yule mama alikuwa amezama sokoni kati ya wenziwe, wote na ndoo kichwani.

Kesho yake asubuhi alikwenda polisi. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatisha.

"Pole sana, mama. Ila hiyo namba inaonekana ndani ya mtandao wako tu. Ikivuka ruta, huku nje haionekani. Tuletee namba ya kwenye boksi la simu, ya tarakimu kumi na tano. Hiyo tunaweza kuifuatilia."

Boksi lilikwenda na taka siku mwenye nyumba alipokisafisha chumba cha Mbwana. Zubeda alilikumbuka vizuri; alilibeba mwenyewe hadi jalalani.

Anwar alimuuliza kama aifungie ile simu isiingie tena.

"Ukiifunga haitarudi," alimjibu.

Anwar akamwekea ile orodha ya ruta kwenye simu yake. Ikawa kila mchana anapakua chakula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Ijumaa ya pili, watu wametoka msikitini na mgahawa umefurika hadi barazani, jina likatokea. Zubeda aliweka sahani chini.

"Jamani, samahanini. Humu ndani kuna mtu ana simu aliyoinunua mkononi mwa mtu. Simdai, wala simpeleki popote. Nataka kumuuliza kitu tu."

Wengine walitazamana, wengine wakatia simu mifukoni. Mwanamume mmoja alicheka kidogo, akaacha. Kisha watu wakaanza kuondoka, wawili, watatu, sita, wengine hawajamaliza hata samaki, na hakuna aliyependa kuonekana wa mwisho. Alipotazama orodha, jina halikuwapo.

Halijatokea tena. Mama yao, Bi Tunu, hakuambiwa. Angeuliza ni nani aliyekuwa nayo.