Pini Iliyonyimwa Moto wa Pili

Ulipita pale chini ya jabali, usikatae. Uliambiwa kasha la wafanyakazi limeanguka, ukauliza barabara itafunguliwa lini, ukaenda zako. Leo hupiti mpaka umsikie Pande Renteb.

Renteb ni mhunzi. Hapa Bali, moto na chuma ni kazi ya ukoo wa Pande, na yeye alizaliwa humo. Mwenye hoteli inayojengwa juu ya jabali alimwagiza pini mbili, moja ya kuning'inizia kila kasha linalopandisha watu. Akazifua kwa springi ya lori: akapasha chuma mpaka kikaiva chekundu, akakinyoosha kwa nyundo, akakizamisha majini kikapiga kelele. Pua, chuma cha springi hiyo, ikitoka hapo huwa ngumu kama kioo, na huvunjika kama kioo. Lazima irudi motoni, moto mpole, mpaka igeuke rangi ya nyasi kavu, kisha buluu. Hapo ndipo inapata uvumilivu.

Lakini kabla ya moto huo wa pili jua lilikuwa limezama, na kesho yake ilikuwa Tumpek Landep, sikukuu ya vyuma. Siku hiyo tanuri la Pande haliwashwi. Renteb akaziweka pini madhabahuni pamoja na nyundo zake, akazinyunyizia maua na mchele, akaenda hekaluni. Msimamizi wa ujenzi, Gede Suwitra, alipokuja, akaona mchele juu ya chuma. Nani hubariki kitu ambacho hakijakamilika? Akazibeba.

Renteb aliporudi akampigia simu.

“Gede, zirudishe. Hazijaiva hizo.”

“Mzee, zimeshabarikiwa! Au wewe ndiye mkubwa wa miungu?” Gede akacheka, akakata.

Pini ya kwanza ilikatika bila kupinda hata kidogo, na pale ilipokatikia palikuwa na chembechembe kama chumvi. Wayan Rauh, binamu yake Renteb, alikuwa ndani ya kasha; hakutoka hai. Mwenye hoteli akasema sadaka zilikuwa chache, miungu imekasirika. Kijiji kikaitikia. Kazi ziko kwake, nani atabisha?

Tangu hapo Rauh huja kiwandani, mchana kweupe. Huketi ukingoni mwa birika la maji, miguu ndani, na maji hayatikisiki. Hafoki. Renteb akiinua chuma kwa koleo, Rauh humuuliza:

“Hicho utakirudisha motoni?”

“Nitakirudisha, ndugu yangu.”

“Na ile ya pili?”

Ile ya pili bado inabeba kasha la pili. Na anayepanda humo kila siku, beseni la mchanga kichwani, ni Luh Kerti, mjane wa Rauh.

Asubuhi ya leo Renteb akachukua tupa ya kusugulia chuma, akapanda jabali. Alimkuta Luh keshaingia.

“Shemeji, shuka.”

“Nikishuka, wanangu watakula hiyo tupa yako?”

Watu wakacheka. Gede akaongezea, “Mzee kaja kutukata kucha!”

Renteb akalisogelea kasha. Akaibana tupa kwenye kichwa cha pini, akavuta. Ikateleza huku ikilia, kama uma kwenye sahani. Hapakudondoka hata unga. Akatoa koleo lake mwenyewe, lililorudishwa motoni kama inavyopasa, akavuta tupa juu yake. Tupa ikang'ata, unga wa kijivu ukamwagikia kiganjani mwake.

“Hili likizidiwa, litapinda, utaliona,” alisema. “Hiyo pini haitakuaga.”

Kicheko kikakatika. Luh aliutazama ule unga, kisha ile pini isiyo na mkwaruzo, akatua beseni, akashuka. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Lakini kwenye sakafu ya kasha, pale alipokuwa amesimama, palikuwa na nyayo mbili za maji, kubwa, za mwanamume. Luh alizitambua. Akaziba mdomo kwa mkono.

Wengine walitazama chini. Nao waliziona.

“Baada ya chakula kasha linapanda,” alisema Gede, sauti imempungua. “Asiyetaka, akatafute kazi kwingine.”

Sasa hivi wanakula. Renteb na Luh wamesimama langoni mwa kasha, wawili tu. Na wewe unakula, unasubiri mtu mwingine aende. Weka sahani hiyo chini. Beba tupa, panda jabali, simama mbele ya kasha, wala usiondoke mpaka pini ile itolewe. Inuka. Mtambo unawashwa.