Pete kwenye Msumari

Siku sita za juma pete ya ndoa ya Domitille ilikaa kwenye msumari, na siku ya saba ilikaa kidoleni. Kila aliyeingia katika nyumba ya Prudent ya kununua dhahabu, pale Bunia, aliujua ule msumari kando ya picha ya Bikira Maria. Zebaki haina adabu. Ikigusa dhahabu huing'ang'ania papo hapo na kuifanya nyeupe kama bati, iwe dhahabu ya mchimbaji, iwe ya askofu. Kazi ya Domitille, miaka kumi na mmoja sasa, ilikuwa kuchoma madonge ya wachimbaji, dhahabu iliyoshikana na zebaki, mpaka zebaki iondoke na moshi na dhahabu ibaki peke yake. Ndiyo maana kila asubuhi alivua pete kwanza, kisha ndipo akasalimia. Jumapili aliivaa kwenda misa, na Jumapili hakugusa zebaki.

Isipokuwa Jumapili moja.

Usije ukadhani alikuwa mwanamke wa tamaa. Mumewe, Isidore, aliuawa miaka minne iliyopita katika barabara ya Bogoro, watu wenye bunduki waliposimamisha lori. Aliyemzika ni mzee Vahwere, mpakia mizigo wa lori lile lile, ambaye alijificha majanini, akarudi kesho yake na kuchimba kwa kipande cha bati ndani ya shamba la mihogo. Hakuweka msalaba, kwa kuwa msalaba ungeita macho ya watu. Mahali pale alipajua yeye tu. Baadaye Domitille alimwombea kazi ya ulinzi kwa Prudent, na mzee akamwahidi kwamba siku gari litakapopatikana atampeleka mpaka juu ya kaburi hata akiwa amefumba macho.

Gari ndilo halikupatikana. Na nyumbani kwao, mtaa wa Saio, mama mkwe wake Geneviève alikuwa kitandani tangu Pasaka, miguu imevimba, akiuliza neno moja kila asubuhi: "Mutoto yangu iko analala kwa nani?" Kwao Mahagi mtu hulala katika kiwanja cha baba yake, na bibi kizee yule hakutaka kufa kabla mwanawe hajafika. Domitille alimpenda. Swali lile lilimla kuliko njaa.

Jumamosi moja jioni mchimbaji akaleta donge kubwa kama yai la njiwa. Gesi ya kuchomea ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Prudent alilifunga katika kitambaa, akalitia kwenye droo, akasema litangoja Jumatatu. Domitille alikwenda kulala na donge lile machoni. Aliona ndani yake gari, sanduku, wachimba kaburi na ng'ombe wa matanga.

Kesho yake, baada ya misa, miguu ilimpeleka yenyewe. Alijua Vahwere hatakuwapo. Prudent alikuwa amemkataza mzee kuacha geti hata kidogo, lakini mzee alisema Mungu hawezi kumngojea mpaka apewe likizo, basi kila Jumapili aliweka ufunguo chini ya jiko la makaa nje ya geti, akaenda kuimba na wenzake kanisani. Siri hiyo waliijua watu wawili, naye Domitille alikuwa wa pili. Akafungua geti, kisha mlango kwa ufunguo huo huo, akavuta droo na kufunua kitambaa. Mtu wa kazi ile hawezi kuliona donge asiliminye, na Domitille aliliminya kwa vidole vyote, kama alivyominya mengine maelfu, apate kujua zebaki ni nyingi kiasi gani. Kisha akalichukua kwa utulivu, kana kwamba ni lake. Hilo lilimshangaza kuliko wizi wenyewe.

Njiani, juu ya pikipiki, ndipo alipoutazama mkono wake. Pete ilikuwa nyeupe. Za mwizi arobaini, wanasema. Yeye hakuvuka hata ya kwanza.

Aliisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga. Wapi! Angeitia motoni, lakini alijua pete nyembamba kama ile hutoka motoni na vidonda, pengine hukatika, na hakuwa na kitu kingine cha Isidore, hata shati. Akaifunga katika pembe moja ya kitenge, na donge katika pembe nyingine. Mnunuzi wa upande wa soko angempokea Jumatatu saa sita mchana, na dereva angeondoka Jumanne. Ilibaki asubuhi moja tu ya kupita.

Asubuhi hiyo Prudent alivuta droo, akaichomoa nzima na kuipindua mezani. Mlango haukuwa umevunjwa. Alimwita Vahwere na kumuuliza nani aliingia Jumapili. Mzee, akiogopa kufukuzwa, akaapa kwamba hakutoka getini hata dakika moja na hakuna mtu aliyeingia. Njia ya mwongo ni fupi.

"Kama hakuna mutu aliingia," akasema Prudent, "basi ni weye."

Akapiga simu, wakaja vijana wawili wenye mikono mizito. Kabla hawajamshika, mzee aligeuka akautazama msumari. Haukuwa na kitu.

"Mama, pete iko wapi leo?"

"Niliisahau ku nyumba," akajibu Domitille.

Mzee angeweza kutaja ufunguo uliokuwa chini ya jiko, na nani mwingine aliujua. Hakuutaja. Alimwachia nafasi ya kusema mwenyewe, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye benchi, kisha akaenda na vijana mpaka depo ya kuwekea mizigo, nyuma ya ukuta.

Domitille aliketi kwenye kigoda chake akasikia kila kitu. Prudent aliongeza sauti ya redio, akamwambia asiogope, kwani yeye alikuwa kama dada yake na hakuna ambaye angemgusa. Maneno hayo yalimchoma. Ilipita saa nne, ikaja saa tano, na mzee nyuma ya ukuta alikuwa hasemi, analia tu. Domitille alijiambia kwamba akinyamaza mpaka saa sita, Isidore atarudi nyumbani. Kisha akajiuliza, nani atamwonyesha kaburi? Nalisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha: wazo hilo ndilo lililomwinua. Kilio cha mzee alikuwa amekisikia tangu asubuhi na hakikumwinua.

Alisimama, akafungua pembe ya kitenge, akaweka donge juu ya mizani. Prudent aliruka kwa furaha.

"Mungu iko mukubwa! Uliiona wapi?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Chini ya kabati, nyuma ya gunia, popote. Prudent alikuwa tayari kuamini. Lakini Domitille alikuwa amechoka, na uongo mmoja wa siku ile ulimtosha. Akafungua pembe ya pili, akaenda mpaka kwenye picha ya Bikira, akaitundika pete kwenye msumari. Prudent aliitazama ile rangi nyeupe. Akazima redio.

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Alimwambia aende na asirudi tena, na Domitille aliponyoosha mkono kuchukua pete, akamzuia. Alisema itabaki pale, ili kila atakayekuja kufanya kazi ile aione.

Mzee Vahwere alikuwa amerudishwa getini. Alikaa juu ya tofali akinawa uso kwa maji ya kopo, mdomo umepasuka na vidole vimevimba. Domitille alipiga magoti mbele yake akaomba msamaha, akalia, akamweleza habari za mama Geneviève na miguu yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema kweli juu ya kuniokoa miye," akauliza, "ao juu ya kaburi?"

Domitille alivuta pembe tupu ya kitenge, akajifuta macho. Mzee alilitikisa kopo, akamwaga maji yaliyobaki, akainuka taratibu akijishika mbavu.

"Mahali ile, mama," akasema, "nilisahau."

Akafungua geti, akamngoja apite.